Kufunga mitambo ya kupakia makaa na magogo kwenye reli ya mfano: mwongozo kamili

Mara ya kwanza nilipofunga mtambo wa kupakia magogo kwenye meza yangu ya reli, nilipima kwa rula, nikatoboa, nikakaza skrubu, kisha nikasimama kando kama fundi aliyekwisha lipwa. Injini ndogo ikapita mara tatu bila neno. Jioni nikaleta kichwa kikubwa cha mvuke, silinda yake ikauparuza mtambo kutoka mwanzo hadi mwisho. Rangi iliyodumu tangu miaka ya 1940 ikabaki mezani kama maganda ya kitunguu. Rula haikuwa na kosa. Nilikuwa nimepima reli, ilhali kinachopita pale si reli, ni behewa na injini. Tangu siku hiyo sitoboi tundu hata moja kabla treni yenyewe haijasimama mahali pake ikanionyesha inataka nafasi gani.

Hapa nazungumzia mitambo inayofanya kazi kwelikweli: inayopandisha makaa, inayobeba magogo, inayotoa madebe ya maziwa na kutembeza ng'ombe. Nitaegemea ile ya Lionel, kampuni ya treni za kuchezea ya Marekani, kipimo cha O, kwa sababu ndiyo ninayoifungua na kuifunga hapa Ohio. Katika kipimo cha O, umbali kati ya reli mbili za nje ni kama milimita 32. Lionel hutumia reli tatu: ya katikati huleta umeme, za nje huurudisha, na umeme wenyewe ni mkondo geu (AC). Kama treni zako ni za HO, kipimo kidogo kuliko O, zenye reli mbili na mkondo mnyoofu (DC), sehemu ya upimaji itakufaa yote, lakini sehemu ya nyaya iruke.

Ujue mtambo kabla ya kuupa kiwanja

Mitambo ya zamani haifanani, na jinsi unavyohamisha mzigo ndiko kunakoamua reli zako zitalazwaje.

Mtambo wa makaa namba 97, uliotoka mwaka 1938, hukaa katikati ya njia mbili zinazokwenda sambamba. Behewa la kumwaga husimama upande mmoja na kumwaga makaa kwenye trei. Mnyororo wa vindoo huyapandisha hadi kwenye ghala la juu. Ukibonyeza kitufe, ghala hufunguka na makaa huteremkia kwenye behewa lililo upande wa pili. Mtambo wa magogo namba 164, wa mwaka 1940, una akili ileile: magogo huangushwa upande huu, minyororo huyapandisha, yanarundikana juu yakizuiwa na vigingi, na kitufe kikibonyezwa vigingi hulala na magogo kubingirika upande wa pili. Yote miwili ilikatizwa na vita mwaka 1942, ikarudi 1946 na kuendelea hadi 1950. Kwa hiyo ukiuona mmoja mnadani, jua una umri wa babu.

Namba 364, wa 1948 hadi 1957, hauhitaji njia mbili. Ni mrefu, karibu sentimita 71, na hulala kando ya njia moja: gogo huingia ncha moja, mkanda hulibeba, likaangukia behewa lililo ncha ya pili. Mwenye meza nyembamba ninamshauri aanze na huu. Nao namba 497, kituo cha makaa cha 1953 hadi 1958, hupitisha reli chini ya tumbo lake, kwa hiyo shida yake haiko ubavuni tu bali na kimo: bomba la moshi la injini ndefu linaweza kugonga kabla hujajua limegonga wapi.

Uujaribu ukiwa mezani, si ukiwa umefungwa

Kazi hii watu huiruka, halafu wakaja kuvunja mandhari waliyoipaka rangi wiki nzima.

Uweke mtambo juu ya gazeti. Geuza, kagua nyaya: mpira wa zamani hukauka ukapasuka, na ukiukunja unavunjika kama biskuti. Nyaya za namna hiyo zibadilishe zote, usizizungushie utepe. Zungusha gia kwa kidole uone kama kuna mahali zinakwama. Mara nyingi ni grisi ya miaka sabini iliyogeuka gundi. Iondoe kwa kijiti na kitambaa, kisha weka tone moja la mafuta mepesi kwenye kila ekseli na grisi mpya kidogo kwenye gia. Nasema tone moja. Mafuta yakifika kwenye komyuteta, yaani ile shaba ya mota inayoguswa na brashi, mota itazunguka kwa uvivu na kutoa harufu. Komyuteta isugue kwa kitambaa safi hadi shaba ing'ae, na brashi za kaboni zikiwa zimebaki fupi kuliko upana wake, tafuta nyingine.

Sasa upe mtambo umeme, volti 12 hadi 14. Mota iende dakika mbili mfululizo bila kupata moto usioweza kuushika. Koili ya kuangushia mzigo, yaani waya uliozungushwa unaogeuka sumaku ukipata umeme, ijaribu kwa mguso mfupi tu, sekunde moja au mbili. Koili hizi zilitengenezwa kwa kitendo cha ghafla. Mtoto akishikilia kitufe huku akicheka, itaungua.

Mahali pa kuweka

Chagua sehemu iliyonyooka. Behewa refu likiwa kwenye kona, tumbo lake hutoka ndani ya kona na ncha zake hutoka nje, kwa hiyo mtambo uliopimwa kwenye mnyooko utagongwa kama kona inaanzia mlangoni pake. Mimi huacha angalau urefu wa behewa moja la reli iliyonyooka kabla na baada ya mtambo.

Usiuweke kwenye njia kuu. Treni ya abiria haiwezi kusubiri umalize kupakia magogo matano. Uweke kwenye njia ya pembeni yenye urefu wa kutosha injini na mabehewa matatu, ili uweze kulivuta behewa lililojaa na kulisukuma tupu bila kuziba swichi ya kubadilishia njia. Halafu nyoosha mkono: ukishindwa kuufikia mtambo ukiwa umesimama mahali unapoendeshea, uusogeze. Makaa yatamwagika nje, magogo yatalala mshazari, na wewe ndiye kuli wa kuyaokota.

Jambo la mwisho kabla ya kupima: mabehewa mengi ya kumwaga humwaga upande mmoja tu. Weka behewa relini, inua beseni lake kwa kidole, uone linaelekea wapi. Likielekea upande usiofaa, ligeuze, litakubali. Ila kumbuka kwamba njia yako ikiwa na kitanzi cha kugeuzia treni, behewa litarudi likiwa limepinduka upande, na makaa utayapata sakafuni.

Simamisha treni, ndipo upime

Hapa usiwe na haraka.

Laza reli bila kuzipigilia, lakini ukiwa umeshaweka chini yake kila kitu kitakachobaki: koki, mbao, au tuta la plastiki kama reli zako ni za aina ya kisasa. Kimo kikibadilika baadaye hata kwa milimita tatu, kazi yote ya leo imekwenda bure. Mitambo mingi ya Lionel ilipimwa kwa reli za O za bati, ambazo kimo chake ni kama milimita 17.5. Reli za O27, zilizokuja na seti za bei nafuu, zina kimo cha kama milimita 11 tu. Ukitumia O27 kando ya mtambo wa O, behewa litakuwa limezama milimita 6 na ushei: beseni likimwaga, mdomo wake utagonga ukingo wa trei badala ya kuupita. Dawa ni rahisi, plaiwudi ya milimita 6 chini ya reli, ikiteremka polepole pande zote mbili. Reli za kisasa zenye tuta zina tatizo la kinyume, ziko juu; hapo unainua mtambo badala ya reli.

Kimo kikishakaa, lete behewa la kumwaga. Lisukume kwa mkono hadi katikati ya trei. Inua beseni kwa kidole na usogeze mtambo polepole hadi mdomo wa beseni uingie juu ya trei bila kugusa. Weka kipande cha kadibodi ya milimita 2 au 3 kati ya mtambo na sehemu pana kuliko zote ya behewa. Kadibodi hiyo ipite kwa raha, lakini isiache nafasi ya kidole. Ukiacha nafasi kubwa, kila gogo la tatu litadondoka katikati.

Sasa uingize maadui. Leta behewa lako refu kuliko yote, halafu injini pana kuliko zote, uzisukume kwa mkono mbele na nyuma zikipita kando ya mtambo. Injini ya mvuke isukume polepole sana, ukitazama silinda, na vyuma vinavyounganisha magurudumu katika mzunguko wake wote, kwani kuna nukta moja tu katika mzunguko ambapo chuma hutoka nje kabisa. Tazama ngazi, vishikio vya milango, hata taa za pembeni. Mahali panapogusa, weka alama. Kama mtambo ukisogea nje kwa ajili ya injini kubwa unashindwa kupokea mzigo, basi amua mapema: injini hiyo isiingie kwenye njia ya mtambo. Mimi nimefanya hivyo na sijutii. Hata kwenye reli za kweli kuna injini zilizokatazwa kuingia baadhi ya njia.

Kwa mtambo wa njia mbili, utaratibu ni huu: njia ya kumwagia kwanza, halafu mtambo, njia ya kupokelea mwisho. Ukizilaza njia zote mbili kwanza kisha ukajaribu kuuchomeka mtambo katikati, utakuwa umejifungia. Upande wa kupokelea, weka behewa tupu, pakia magogo mawili juu, laza vigingi kwa mkono. Yanaangukia wapi? Yakigonga ukuta wa mbali wa behewa na kuruka, rudisha njia karibu. Yakiangukia ukingo wa karibu, isogeze mbali. Rudia mara tano, sita. Mara moja haitoshi, gogo lina bahati zake.

Ukiridhika, chora umbo la mtambo mezani kwa penseli, na uweke alama ya ncha za behewa kwenye kingo za reli ili baadaye ujue pa kusimamia bila kukisia.

Reli ya amri

Behewa la Lionel halimwagi lenyewe. Huamriwa na kipande maalumu cha reli. Kwa reli za O kipande hicho kinaitwa UCS, kwa O27 ni namba 6019. Kina reli mbili za ziada kati ya zile tatu, na behewa lina viatu vya shaba vinavyoteleza juu yake. Ukibonyeza kitufe cha kushusha mzigo, umeme hupita reli moja ya ziada, hupanda kiatu kimoja, hupita koili ya behewa na kurudi kwa kiatu kingine.

Basi kipande hiki lazima kiwe mahali ambapo viatu vyote viwili vimekanyaga huku beseni likiwa katikati ya trei. Kwenye kipande hichohicho kuna sumaku-umeme katikati kwa ajili ya kufungua viunganishi vya mabehewa. Watu huchanganya: pa kufungulia kiunganishi ni pale kiunganishi kilipo juu ya sumaku, na pa kumwagia ni pale behewa zima lilipo juu ya kipande. Ni vituo viwili tofauti. Weka alama mbili, rangi mbili.

Nyaya

Chomoa transfoma ukutani kabla ya kugusa waya wowote, na ukague kamba yake inayokwenda ukutani kwa jicho kali kuliko nyingine zote. Volti 14 haziui, za ukutani zinaua.

Usilishe mtambo kwa umeme uleule unaoendesha treni. Mota ikianza, treni itapunguza mwendo. Ukipunguza mwendo wa treni, mota itakufa. Transfoma kubwa kama ZW ya Lionel zina njia zaidi ya moja za kutolea umeme, hapo unaipa mitambo njia yake. Ukiwa na transfoma mbili ndogo, moja iwe ya treni na nyingine ya mitambo, lakini ukitaka zishirikiane waya wa kurudishia lazima kwanza ujue kama zinakubaliana. Unganisha vituo vya kurudishia vya zote mbili, ziweke kwenye volti 12 hivi, gusisha mita ya umeme kwenye vituo viwili vya moto, yaani vinavyotoa umeme. Mita ikisoma karibu na sifuri, zimekubaliana. Ikisoma karibu 24, zinapingana. Geuza plagi ya moja ukutani, upime tena. Kama plagi haigeuki kwa umbo lake, usizishirikishe kabisa.

Kwa mtambo mmoja, waya wa milimita mraba 1 unatosha. Waya mkuu wa kurudishia unaozunguka chini ya meza uwe milimita mraba 2 au zaidi. Tumia rangi, na usizibadilishe katikati ya safari: kwangu nyeusi ni ya kurudishia, nyekundu ya mota, njano ya koili. Chini ya meza, karibu na kila mtambo, piga konekta ya skrubu. Siku mtambo ukigoma, utafungua skrubu tatu na kuuinua, badala ya kulehemu ukiwa umelala chali risasi ya moto ikikudondokea shavuni.

Kuna hila moja ninayoipenda. Kwenye njia ya kupokelea, tenga reli moja ya nje kwa pini za plastiki pande zote mbili, na kama mataruma ni ya bati weka karatasi ya kuhami kati yake na reli hiyo, kisha upitishe waya wa kurudishia wa koili ya kuangushia kwenye reli hiyo iliyotengwa. Magurudumu ya chuma ya behewa ndiyo yatakayoziba pengo. Behewa likiwapo, kitufe kinafanya kazi. Lisipokuwapo, unaweza kubonyeza hadi asubuhi na hakuna kitakachodondoka. Behewa la magurudumu ya plastiki halitasaidia hapa.

Na wewe uliyenunua seti Marekani ukaipeleka Mombasa au Dar es Salaam: transfoma zile ni za volti 110 hadi 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wa nyumbani ni volti 230 au 240 na mizunguko 50. Kifaa cha kupunguza volti kitatatua la kwanza, lakini mizunguko itabaki 50, na transfoma ya zamani itapata joto zaidi ya ilivyozoea. Usiibebeshe mzigo wake wote, na usiiache ikiwaka ukaenda kula.

Kufunga

Kwa pimamaji, hakikisha meza iko sawa pande zote pale mtambo utakapokaa. Mtambo wa mtetemo, kama zizi la ng'ombe, ukiinama kidogo tu, mzigo unatembea kinyume.

Chini ya mtambo weka raba nyembamba au sponji ngumu. Plaiwudi ni ngoma. Mota ya namba 97 ikifungwa moja kwa moja juu yake, nyumba nzima itajua unapakia makaa. Toboa matundu madogo kuliko skrubu, kaza hadi mtambo usitikisike, kisha legeza robo mzunguko. Bati la chini likikazwa kupita kiasi hupinda, gia zikaanza kulalamika.

Mzigo, na pale mambo yanapokwama

Usitumie makaa ya kweli. Vumbi lake linaingia kwenye gia na kuchafua reli. Lionel waliuza makaa bandia, namba 206, na yanatosha; chembe nyeusi za plastiki za ukubwa huohuo pia zitafaa, mradi ziwe kavu na zisishikane. Magogo mapya yakate kwa kupima moja la asili, upige msasa ncha zake; ncha yenye nyuzi ndiyo inayonasa kwenye mnyororo.

Mota ikiguna bila kuzunguka, angalia kwanza kama kuna punje ya makaa kati ya ndoo na trei, kabla hujalaumu umeme. Behewa likitetemeka lakini lisimwage, viatu ni vichafu au kimoja kiko nje ya reli ya amri. Makaa yakimwagika nusu ndani nusu nje, behewa limesimama kabla au baada ya alama, na kosa ni la dereva. Kitufe kikifanya kazi mara moja moja, kaza konekta.

Maziwa na ng'ombe

Behewa la maziwa, lililotoka mwaka 1947 likiwa namba 3462, hufungwa kwa kanuni zilezile, na kazi yake ni rahisi: jukwaa liwe usawa wa mlango, karibu na reli kadiri kadibodi inavyoruhusu, na mlango wa mtu anayesukuma madebe uelekee jukwaani. Bonyeza kwa mguso mfupi. Ukishikilia kitufe, mtu atabaki amesimama mlangoni huku koili ikipata moto.

Zizi la ng'ombe, namba 3656, linahitaji subira zaidi. Ng'ombe hutembezwa na mtetemo, si mota, kwa hiyo sakafu ya zizi na ya behewa lazima zikutane bila ngazi hata ya unene wa kadi. Safisha sakafu na chini ya kila mnyama, kusiwe na mafuta. Anza na volti ndogo, ongeza kidogo kidogo. Volti ikizidi, ng'ombe wataruka na kuanguka kiubavu. Ikipungua, watasimama wakitikisika. Katikati kuna nukta wanayoanza kujipanga wenyewe kuelekea mlangoni. Ukiipata, iwekee alama ya penseli kwenye transfoma, kwa sababu kesho hutaikumbuka.